Usa River au Tengeru? Dada, kabla ya bei angalia maji, lami na mama wa muuzaji

Kuna dada kaniandikia, nalifupisha swali lake ili wengine nao waelewe. Yeye na mumewe wamepanga Kijenge, hapa Arusha mjini, miaka mingi, watoto watatu, mkubwa yuko darasa la tano na mdogo ana miaka miwili. Mume anafanya kazi ofisi za karibu na AICC (lile jengo la mikutano la kimataifa mjini), yeye ana duka la vitenge jirani na Soko Kuu. Wamejichanga wana milioni 85 na kitu. Wameona nyumba mbili: moja Usa River, ndani ndani kutokea Leganga, vyumba vinne, uwanja mkubwa, milioni 78, karatasi yake ni mkataba wa mauziano wenye mhuri wa kitongoji. Nyingine iko Tengeru, vyumba vitatu, kiwanja kidogo, milioni 92, ina hati. Afu shemeji yake anawaambia waachane na zote mbili waende Ngaramtoni. Anauliza, "Shikamoo kaka, wewe ni mthamini, ungekuwa wewe ungenunua wapi?"

Marahaba dada. Nikujibu moja kwa moja kwanza halafu nieleze: kwa maisha uliyonieleza mimi ningeenda Tengeru, ningebembeleza ile bei ishuke, na ya Usa River ningeiweka pembeni lakini nisiifute kabisa. Ngaramtoni sioni sababu. Ila sababu zangu sio zile dalali anazokupa, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, maana inawezekana ukishakagua utakuta nyumba ya Usa ndo nzuri na ya Tengeru ina mushkeli.

Tuanze na maji, na hapa nitakaa sana kwa sababu ya huyo mdogo wako wa miaka miwili. Watu wanakuja kuniuliza mita za mraba, vigae, jipsamu, mimi swali langu la kwanza kwa nyumba yoyote inayozunguka mlima Meru ni maji ya kunywa yanatoka wapi. Mlima ule ni wa volkano na maji yake mengi yana madini ya floraidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, hicho ndo cha Shirika la Afya Duniani na ndo tunachofuata sasa, zamani hapa kwetu tulikua tunaruhusu mpaka 4 kwa sababu maeneo mengine ukisema 1.5 watu wangekosa cha kunywa. Ukanda wa Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti kupanda mpaka Ngarenanyuki unajulikana kwa hilo tangu enzi, mpaka pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho miaka mingi kimekua kikihangaika kuitoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Sasa kwa nini mdogo na sio wewe? Meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, tangu anazaliwa mpaka kama miaka minane hivi. Akinywa maji yenye floraidi nyingi kipindi hicho meno yanatoka na madoa, ya kahawia kabisa, na hayasuguki na dawa yoyote ya meno. Wewe na mumeo meno yenu yameshakomaa, mkubwa wako naye kwa sehemu kubwa ameshapita hapo, ila huyu wa miaka miwili ndo anaingia kwenyewe. Na kwa wakubwa pia maji yenye floraidi nyingi sana yakinywewa miaka na miaka yanaharibu mifupa, sio meno tu.

Na kuchemsha hakusaidii, naomba hili ulishike. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inazidi kukolea. Kingine ni magadi. Akina mama wengi huku wanatia magadi kwenye makande na maharage yaive upesi, na magadi yetu ya huku nayo yana floraidi, kwa hiyo mtoto anaipata kwenye kikombe na kwenye sahani.

Utajuaje maji ya nyumba husika? Usimuulize muuzaji, atakwambia matamu. Kaa pale jirani, nunua hata vitumbua, wachekeshe watoto wa mtaa ule uone meno. Ila uliza kwanza kama wamezaliwa hapo au wamehamia juzi, mtoto aliyehamia akiwa na miaka tisa hakuambii kitu. Angalia wa miaka kumi mpaka kumi na tano waliokulia pale pale. Halafu chukua chupa safi ya lita moja, suuza mara kadhaa na maji yale yale, jaza, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, lipia kipimo cha floraidi. Ni hela ndogo mno ukilinganisha na milioni 78. Na upime ya bomba lile lile utakalotumia, kwa sababu huku chemchemi moja inaweza kuwa salama na kisima cha nyumba ya tatu kikawa hakifai, hakuna "maji ya Usa River" wala "maji ya Tengeru" kwa ujumla wake. Tangu ule mradi mkubwa wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, wa bilioni 520, mabomba yamefika mbali kuliko zamani, kwa hiyo pande zote mbili ulizia: mita ipo kwa jina la nani, na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kama muuzaji anababaika angalia simtanki. Nyumba yenye simtanki moja juu ya mnara ni kawaida, ukikuta tatu zimepangwa uani na ndoo kibao jikoni basi jibu umeshapata bila kuuliza.

Kipimo kikija vibaya sio mwisho wa safari, maji ya mvua ya kwenye bati karibu hayana floraidi kabisa, na upande wa kusini wa Meru mvua ipo ya kutosha. Ukijenga gata vizuri na tanki la maana, ya kunywa na kupikia ya familia ya watu watano unaweza kuyavusha hadi masika nyingine, ya bomba yakabaki ya kufua na kuogea. Ila hiyo ni gharama, iingize kwenye bei wakati wa kupatana.

Haya, barabara. Kwenye ramani Tengeru iko kama kilometa 13 toka mjini na Usa River ni ishirini na kitu, mtu anaona tofauti ni kilometa kumi, kitu gani. Tofauti yenyewe sio kilometa. Barabara ya njia nne inaanzia Sakina inaishia Tengeru, kilometa 14 na ushee, baada ya hapo unaingia njia mbili na malori yote ya Holili na mabasi yote ya Dar na Kosta za Moshi, matuta, trafiki, na guta limebeba majani ya ng'ombe linaenda mwendo wake. Kwa hiyo anayekaa Tengeru asubuhi anatoka geti anaingia njia nne moja kwa moja, anayekaa Usa anapambana kwanza mpaka afike Tengeru. Siku ikitokea ajali hapo katikati, wa Usa haendi popote. Ni kweli Jumatano na Jumamosi Tengeru ni siku ya soko na pale barabarani panakua vurugu tupu, ndizi, mboga, mitumba, bodaboda, ila hiyo kero inakulipa kwa njia nyingine, utanunua ndizi na nyanya kwa bei ambayo Kijenge umeshaisahau.

Dalali wa Usa River lazima atakuwa amekutajia baipasi. Baipasi ni nzuri sana, kilometa 42, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliizindua 2022, ila jiulize inakupeleka wapi. Inazunguka jiji kwa kusini inakwenda kutokea upande wa Ngaramtoni. Mtu anayefanya kazi Muriet au kule uwanja wa ndege wa Kisongo, ataibariki kila siku. Wewe duka liko Soko Kuu, mume yuko AICC, baipasi inawapita mbali wote wawili. Na kama kakwambia "hapa njia nne inakuja mpaka Usa bei itapanda", mwambie sawa, ikija tutafurahi, leo nanunua iliyopo. Tena ikija ndo uangalie vizuri zaidi, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande toka katikati, na nyumba ngapi mmeshaziona zina X nyekundu ukutani.

Kitu nachokuomba, na watu hawakifanyi: usiende kuona nyumba Jumapili mchana na gari ya dalali. Hiyo barabara ya Jumapili sio barabara utakayoishi nayo. Nenda ukalale kwa ndugu au gesti ya karibu, Jumatatu shule zikiwa zimefunguliwa, saa kumi na mbili kasoro uwe umesimama kituoni Leganga unagombania Haisi kama wenzako, ushuke mjini utembee mpaka dukani, uangalie saa. Jioni funga duka muda ule ule unaofunga siku zote, panda, shuka, halafu tembea toka lami mpaka getini. Hapo mwisho ndo penye siri yote. Umesema nyumba ya Usa ni "ndani ndani". Ndani ndani ni bodaboda, mara watu wangapi, mara mbili kwa siku, na masika udongo ule unateleza bodaboda wenyewe wanakataa au wanapandisha bei mara mbili. Saa mbili usiku, mvua, mwanamke ana mauzo ya siku kwenye pochi, kilometa moja na nusu za giza. Mimi kilometa hiyo naihesabu kuliko zile kumi za lami.

Fanya hesabu kwenye karatasi, mfano tu: tuseme ya Usa inawagharimu elfu nne zaidi kwa siku wewe na mumeo pamoja, nauli na bodaboda. Kwa siku 300 ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Tofauti ya bei ya nyumba ni milioni 14. Miaka kumi na mbili tofauti imeliwa, na hapo watoto hatujawahesabu.

Watoto sasa. Kama shule zao ziko mjini na hamtaki kuwahamisha, muulize dereva wa basi la shule anapita Usa saa ngapi. Sio mwalimu mkuu, dereva. Basi linaloanza kuokota watoto mbali linaanza na giza, na mtoto wa kwanza kupanda ndo wa mwisho kushuka. Wengine wanasema basi tutawapeleka bweni, lakini tangu 2023 serikali ilizuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano, kwa hiyo mkubwa labda, wa katikati hapana. Mimi ningewahamishia shule za huko huko, pande zote mbili shule zipo, za serikali na za ingilishi midiamu. Kwa hospitali Tengeru mko karibu na hospitali ya wilaya ya Meru, Usa nako zipo huduma, sio kigezo cha kuumiza kichwa.

Ngaramtoni nisiwe mchoyo, ni pazuri, ubaridi mtamu, soko lao Alhamisi na Jumapili liko vizuri, na viwanja bado unapata. Ila toka kule mpaka Soko Kuu unapita Sakina na Mianzini asubuhi pamoja na dunia nzima, ni upande mkavu wa mlima, kiangazi vumbi, na floraidi kule nako sio mgeni. Shemeji yako anakaa Ngaramtoni eh? Nilijua.

Sasa makaratasi, na hapa ndo moyo wangu unapogomea ile ya Usa River kwa sasa.

Mkataba wenye mhuri wa kitongoji unaonyesha kuna watu waliuziana, hautoshi kuonyesha kwamba aliyeuza alikua na haki ya kuuza. Eneo lile na hata Tengeru ya ndani, ardhi nyingi ni vihamba, yaani mashamba ya urithi ya familia, mzee aligawia wanae kwa mdomo, mmoja akauza sehemu yake, aliyenunua akajenga, leo anakuuzia wewe. Niliwahi kwenda kuthamini nyumba ya namna hiyo, muuzaji kijana mtaratibu tu, karatasi zake kazipanga kwenye faili. Nimezunguka nyuma naona kijumba cha mbao cha chumba kimoja, moshi unatoka, bibi anapika. Namuuliza kijana huyu nani, anasema "ni mama, ataondoka tu". Nikamsalimia bibi, shikamoo mama, umesikia nyumba inauzwa? Akaacha mwiko. "Inauzwa na nani?" Nilifunga daftari pale pale, na mnunuzi alikua ameshatoa milioni tano za kishika uchumba ambazo mpaka leo sijui kama zilirudi.

Kwa hiyo ile ya Usa, kabla ya hata shilingi moja: nataka uone mke wa muuzaji, kwa sababu nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hiyo iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999, na akija kulalamika baadae mauzo yanaweza kufutwa. Nataka uone mama na ndugu zake, dada zake hasa, maana kwenye mgao wa vihamba mabinti ndo wanaosahaulika halafu ndo wanaokwenda baraza la ardhi. Nataka majirani wa pande zote nne wasimame kwenye mipaka mkiwa mnaangalia, waseme mpaka ni huu. Nenda idara ya ardhi ya Halmashauri ya Meru, bahati nzuri iko hapo hapo Usa River, waulize kama eneo limepangwa na kupimwa na limepangwa kwa matumizi gani, usije ukakuta sebule yako kwenye mchoro ni barabara ya mtaa. Na kama ni ardhi ya kijiji, mwenyekiti peke yake na mhuri wake hatoshi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka halmashauri ya kijiji ikae, kwa hiyo omba muhtasari wa kikao. Kuna kamto karibu? Uliza, kwa sababu mita 60 toka kwenye kingo za mto sheria ya mazingira hairuhusu makazi, na Usa na Tengeru zote ni nchi ya mito.

Ya Tengeru ina hati, vizuri, lakini hati nayo inakaguliwa. Chukua kopi, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ufanye upekuzi rasmi, utajua mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki umekaa juu yake, kama kuna zuio la mtu, na hati ni ya miaka mingapi na imebaki mingapi. Uliza deni la kodi ya ardhi. Kaone bikoni (zile alama za mipaka) kwa macho, zote, na mpima wako mwenyewe, sio wa muuzaji. Muuzaji akikataa kutoa kopi ya hati kwa sababu yoyote ile, hata akisema iko kwa wakili amesafiri, ondoka.

Na mkae mkubaliane mapema nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, lakini huku mtaani wauzaji wana tabia ya kusema "mimi nataka milioni 92 mkononi", maana yake hiyo kodi wanakutupia wewe, na bila kuilipa TRA uhamisho hauendi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, huo ni wako, na wakili. Kwa hiyo milioni 92 mkononi sio 92 kwako. Hicho ndo kifimbo chako cha kupatania: mwambie una 85, kodi yake alipe mwenyewe, hela inaingia benki siku ya kusaini kwa wakili. Mwenye hati anajua mnunuzi wa hela taslimu ya namna hiyo hapatikani kila wiki. Sikuahidi atakubali 85, ila 92 asikae nayo kirahisi. Na usikope vikoba kujazia mpaka duka likose mtaji.

Ikigoma kabisa, hamlazimiki kununua mwaka huu. Pangeni Tengeru miezi sita, mchague iwe na masika ndani yake, muishi ile safari, mjue mtaa gani maji yanatoka na kamto gani kanafurika, na mkishakua wakazi mtasikia nyumba zinazouzwa kabla dalali hajasikia, bei yake inakua nyingine.

Wiki hii fanya mawili tu: chupa za maji kutoka nyumba zote mbili ziende maabara, na upekuzi wa hati ya Tengeru. Majibu yakitoka niandikie. Na kama yule wa Usa River yuko tayari kumleta mama yake, mke na dada zake wakae meza moja na wakili, na maji yakaja chini ya 1.5, basi nitakuja mwenyewe kuiangalia hiyo nyumba, tuhesabu upya.